Fufua, Lakini Uje na Jipya

"Bado wapo?" Maneno mawili tu, chini ya tangazo la sungura wa kuuzwa Karatina. Tangazo lina miaka minne. Sungura wenyewe waliliwa zamani, vizimba vikauzwa, na mwenye mali akahamia kwenye kuku. Lakini Facebook ina tabia yake: chapisho la kundi likiguswa na maoni mapya, mara nyingi hupanda juu tena kana kwamba limeandikwa leo asubuhi. Watu wanaliona na hawatazami tarehe. Mmoja anauliza bei. Mwingine anaandika "nafuatilia". Wa tatu, ambaye wala si mwenye tangazo, anabandika nambari yake, anasema sungura wapo, tuma nusu kwa M-Pesa uwekewe. Admini akija kushtuka, kuna mtu ameshatuma.

Visa vya namna hii vimekuwa vya kawaida katika makundi ya simu kuanzia Nyeri hadi Nanyuki, Kerugoya na Embu. Tuna makundi ya kahawa, ya parachichi, ya nyuki, ya sungura, ya kuku wa kienyeji, ya wapenda maua na ya vijana wanaopanda Mlima Kenya wikendi. Mengine ni ya riziki, mengine ni ya kujiburudisha, na mengi yako katikati: mtu alianza na mizinga miwili kwa mapenzi yake, sasa anauza asali. Yote yana ugomvi mmoja usioisha. Mtu akifufua mjadala wa zamani, amekosa adabu au amefanya vyema?

Kwa sasa anatukanwa kotekote. Mgeni akiuliza jambo lililokwisha kuulizwa, anaambiwa asome huko juu, liliulizwa. Akienda kusoma huko juu, akalipata swali na kuliendeleza palepale, anaambiwa anafukua makaburi. Sasa afanye nini? Anyamaze? Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika makundi yetu kuuliza kumekuwa kosa la jinai. Msimamo wetu ni kwamba aliyetafuta kwanza, akalikuta swali lake limeshaulizwa na kuliendeleza mahali pake, amefanya lililo bora kuliko anayeanzisha swali lilelile kwa mara ya kumi. Asisutwe. Ila naye ana deni: aje na jipya, na aseme anachokifufua ni cha lini.

Kwa mkulima wa huku, jipya huchelewa kufika. Chukua kahawa. Aina ya SL28 ilitoka katika maabara za Scott miaka ya 1930, Ruiru 11 ikatolewa mwaka 1985, na Batian mwaka 2010. Mkulima wa Mathira mwenye mashina ya SL28 yaliyorithiwa kutoka kwa babu aliuliza kundini, miaka kadhaa iliyopita, kama inafaa kubebesha Batian juu ya mashina yale ili apunguze gharama ya kupulizia dawa ya ugonjwa wa matunda na kutu ya majani. Alijibiwa siku ileile na watu ishirini. Nusu yao hawana hata mche mmoja. Jibu la kweli halikuwapo siku ile, na halingeweza kuwapo. Liko shambani, baada ya shina kukatwa, chipukizi kuchaguliwa, kikonyo kushika na misimu kadhaa kuvunwa. Mkulima huyo akirudi leo chini ya swali lake mwenyewe na kuandika, "Wakulima wenzangu, hili niliuliza mwaka 2019, sasa nimevuna mara tatu, mashina yaliyoshika ni haya, yaliyokufa ni haya, na kiwandani nimepeleka kilo hizi," huyo amelipa kundi zima kitu ambacho hakuna duka la pembejeo linaloweza kukuuzia. Kumwambia amefukua kaburi ni utovu wa shukrani. Tunatamani wangekuwa wengi zaidi. Makundi yetu yamejaa maswali ambayo wenyewe walipata majibu kimyakimya na hawakurudi kusema.

Tatizo liko kwa yule anayefufua bila kutazama kalenda. Mwezi Septemba 2022 serikali iliteremsha bei ya gunia la mbolea ya ruzuku kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500. Mwaka 2023 ikashuka tena hadi Sh2,500. Anayeifufua leo taarifa ya Sh3,500 anamtuma mtu kwenye ghala la NCPB na bei isiyokuwapo tena. Vilevile matangazo ya mamlaka ya kilimo, AFA, ya kufunga na kufungua msimu wa kuvuna makadamia na parachichi za kusafirishwa ng'ambo. Msimu hufungwa na kufunguliwa kwa taarifa, na tarehe si zilezile kila mwaka. Mtu akikurushia taarifa ya mwaka juzi kwamba msimu umefunguliwa, nawe ukaangusha parachichi zisizokomaa, hasara ni yako. Hakuna atakayemtafuta aliyekurushia.

Viuatilifu ndio hatari zaidi. Mwaka 2025 Wizara ya Kilimo chini ya Mutahi Kagwe, mwenyewe mzaliwa wa Nyeri, ilitangaza kuondolewa sokoni kwa makumi ya bidhaa za kuua wadudu na magugu, na nyingine nyingi zikawekewa masharti. Ushauri wa mwaka 2016 wa dawa gani inamaliza wadudu wa kahawa au nyanya ulikuwa mwema siku ile, na aliyeuandika hakuwa na nia mbaya. Leo huenda unamtuma mkulima kununua kitu kilichopigwa marufuku, kutoka kwa muuzaji anayekitoa chini ya kaunta.

Na wapanda mlima wasidhani wao hawamo. Kuna maelezo ya zamani yanayozungushwa kuhusu njia za Naro Moru, Sirimon na Chogoria, yaliyoandikwa na watu wanaojua kazi yao. Lakini anayekuambia ubebe pesa taslimu za kulipa langoni anakurudisha nyuma hadi kipindi cha kabla ya eCitizen. Anayeeleza jinsi ya kukanyaga barafu ya Lewis anaeleza kitu ambacho sehemu yake kubwa haipo: barafu hiyo ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na haijaacha kuyeyuka. Kilele cha Lenana bado kina mita zake 4,985. Mengine yamebadilika.

WhatsApp nayo inazidisha mambo. Ujumbe ukisambazwa, saa inayoonekana ni ya kusambazwa, si ya kuandikwa. Tangu mwaka 2018 huwekwa alama kwamba umesambazwa, na baadaye vikaongezwa vishale viwili kwa ule uliopita mikono mingi, lakini hakuna mahali inaposema "haya ni ya miaka mitano iliyopita". Kwa hiyo kazi ya kusema tarehe ni yako wewe unayetuma. Usipojua ni ya lini, usitume. Hilo halihitaji admini wala kanuni.

Linaloshangaza ni kwamba wakazi wa eneo hili walishaujua utaratibu wa kufufua mambo ya zamani kabla simu hazijaingia. Nenda mkutano mkuu wa chama chochote cha ushirika wa kahawa, au chama cha akina mama cha mzunguko. Baada ya sala na udhuru, katibu anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Mmoja anapendekeza zithibitishwe, mwingine anaunga mkono. Kisha kinakuja kipengele cha yatokanayo na kumbukumbu, na hapo ndipo mambo ya zamani yanapopewa mlango. Mwanachama anasimama, anasema, "Mwenyekiti, kumbukumbu ya saba ya mwaka jana: mizani mpya tuliyoahidiwa kiwandani iko wapi?" Mwenyekiti hana ujanja wa kumwambia anafukua makaburi. Jambo lina nambari, lina mwaka, lina ahadi iliyoandikwa, na muulizaji ameleta swali jipya juu yake. Ikiwa jambo halikuwa katika kumbukumbu, linasubiri mengineyo, mwishoni, watu wakiwa na njaa, na wote wanajua litapewa dakika chache. Hakuna aliyefundishwa adabu hii kwa kitabu. Watu hao hao wakishika simu wanaisahau.

Mkutano unajua jambo jingine pia: kuna ya kale yasiyopaswa kuletwa katika kila ajenda. Chama kikubwa cha Mathira kiligawanyika miaka ya 1990, vyama kama Gikanda na Barichu vikazaliwa. Mzee anayekumbuka vizuri mgawanyiko ule, nani alichukua kiwanda kipi na kwa nini, ni hazina, na vijana wangefanya vyema kumrekodi. Lakini kila kijana anapouliza malipo ya kilo mwaka huu, kisha mtu akamjibu kwa ugomvi wa mgawanyiko, kundi linageuka uwanja wa vita vya ukoo. Usemi wa kwamba yaliyopita si ndwele hatuukubali wote. Yaliyopita yakiwa ni deni la mkulima, ni ndwele hasa, na yaulizwe mpaka yalipwe. Tunalokataa ni kufufua tusi. Anayechimbua maneno aliyoyasema mwenzake mwaka 2017 akiwa na hasira, akayapiga picha na kuyabandika ili amdhihaki nayo leo, hana hoja. Huyo admini amwondoe, wala asiombe radhi kwa kumwondoa.

Lipo pia jambo la walioaga dunia. Ukiukuta ushauri mzuri wa mfugaji nyuki na ukataka kumuuliza zaidi, tazama kwanza kama bado yuko nasi. Tumeona mtu akimdai marehemu jibu, kwa ukali, na jina la marehemu likitokea kwenye simu ya mjane wake ambaye naye yumo kundini. Ushauri wake uutumie, umtaje kwa heshima, useme ni wake. Swali lako jipya lipeleke kwa walio hai.

Admini wengi ni watu wa kujitolea, hatuwabebeshi mzigo wa bure. Lakini yapo mambo mawili wanayoweza kuyafanya jioni moja. Matangazo ya biashara yaliyopita miezi mitatu wayafunge maoni, maana hayo ndiyo mlango wa matapeli, na hakuna elimu yoyote inayopotea yakifungwa. Mijadala ya kilimo na ufugaji wasiifunge hata ikiwa ya miaka kumi. Wabandike tu juu ya kundi sharti moja kwamba anayeufufua mjadala aanze kwa kutaja mwaka wake na aseme kilichobadilika. Nasi wengine tuache kumkejeli mgeni aliyejisumbua kutafuta. Kumjibu kunachukua muda uleule wa kumcheka.

Msimu mkuu wa kuchuma kahawa Nyeri ni kuanzia Oktoba hadi Desemba. Ikiwa uliwahi kuuliza kundini juu ya aina ya mche, dawa au mbolea, na sasa mashina yako yamekujibu, fungua simu, litafute swali lako la siku zile, na uandike chini yake ulichovuna. Weka kilo, weka mwaka, na useme pia kilichokufa.