Mashauri ya Jamaa: Mkataba wa Kiwanja Una Mwisho Wake

Mtu apandaye kutoka ziwa Kivu kuelekea Nyawera, au aendeleaye mpaka Panzi, huziona nyumba za Ibanda zimebanana juu ya miteremko: za matofali na za mbao, za zamani na za jana. Kila nyumba ina mwenyewe, naye ameijenga kwa jasho lake. Lakini tukimwuliza, "Karatasi ya kiwanja chako yaisha mwaka gani?" wengi hawana jibu. Yafaa basi juma hili tulizungumze jambo hilo, maana jamaa nyingi zimelijua siku ya kuitwa barazani tu.

Kwanza tufahamu msingi wake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali, wala hauuzwi. Mtu hupewa haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo asemaye, "Nimenunua parseli," kwa kweli amenunua nyumba pamoja na haki ya kukaa juu ya udongo ule. Kuta ni zake. Udongo si wake. Na kinachoziunganisha kuta na udongo ni karatasi.

Karatasi zenyewe si za namna moja. Ya kwanza ni mkataba wa kukodi, ambao kwa Kifaransa huitwa contrat de location. Sheria ile iliuwekea muda usiozidi miaka 3. Ni mkataba wa matayarisho: mtu hupewa nafasi ya kujenga, kusudi akiisha kujenga apewe haki iliyo imara zaidi.

Ya pili ni haki ya kudumu, isiyohesabiwa miaka. Hiyo iliwekwa kwa ajili ya raia wa Kongo, mtu mwenyewe, wala si kampuni wala chama.

Ya tatu ni haki ya muda, ambayo hupewa wageni, makampuni na mashirika. Kwa kawaida muda wake hauzidi miaka 25, nao waweza kuongezwa. Wazee wa parokia na walimu walikumbuke neno hili, kwa sababu shirika la dini nalo ni shirika: ardhi ya kanisa au ya shule yaweza kuwa na tarehe ya mwisho, na mtu mmoja lazima awe mlinzi wa tarehe hiyo.

Wala jambo hili si la Kongo peke yake. Huko Uingereza watu wengi wamenunua makao katika majumba ya ghorofa, lakini kwa miaka iliyohesabiwa tu. Miaka ikipungua, na thamani ya makao hupungua. Ndiyo maana sheria ya 1993 iliwapa haki ya kudai waongezewe miaka 90. Tanzania nayo hutoa hati za ardhi za miaka 33, 66 au 99. Kila mahali mwenye busara huomba nyongeza mkataba ungali hai.

Hatari kubwa iko katika ile karatasi ya kwanza. Tuchukue mfano wa baba mmoja. Anapata mkataba wa miaka 3. Anajenga, anaezeka mabati, watoto wanazaliwa, miaka 20 inapita. Nyumba imekomaa, karatasi imebaki mtoto mchanga. Baba akifariki, mtu mwingine aja na hati mpya ya kiwanja kile kile. Mama ataonyesha nini? Sheria ya 1973 ilisema kwamba haki juu ya ardhi huthibitishwa na cheti cha uandikisho, certificat d'enregistrement, wala si kwa wingi wa miaka ya kukaa. Tena, cheti kikiisha kutimiza miaka 2 bila kupingwa, hakiangushwi tena. Aliyedhulumiwa hubaki kudai fidia tu. Kwa hiyo anayesikia kwamba kiwanja chake kimeandikwa kwa jina la mwingine asilale hata siku moja.

Basi yatupasa kufanya nini? Tuitafute karatasi leo, tusome namna yake na tarehe yake. Kama ni mkataba wa kukodi na nyumba imekwisha jengwa, tuwaombe wenye ofisi ya ardhi waje kuitazama na kuandika kwamba kiwanja kimetumika kama ilivyoagizwa, kisha tuombe haki ya kudumu na cheti chake. Kama ni mkataba wa miaka 25, tuombe nyongeza kwa barua kabla ya tarehe ya mwisho, na tubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Fedha tulipe kwa stakabadhi; fedha iliyotiwa mfukoni mwa mtu haina ushahidi.

Aliyeandikwa katika hati akifariki, warithi wasikawie kubadili jina. Mjane naye asifukuzwe: Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimpa haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mumewe. Ndugu wa marehemu wajao na kufuli mpya walijue hilo.

Tena mji wetu umepitiwa na vita mara nyingi, kama mwaka 1996, 2004 na 2025. Wakati wa kukimbia mtu hushika mtoto, hashiki karatasi. Kwa hiyo nakala iwekwe mahali pa pili, kwa mtu mwaminifu, mbali na nyumba yenyewe.

Nanyi wanafunzi, neno hili lawahusu sana. Karatasi hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, na wazazi wengi huzifunga kitambaani bila kuzisoma. Jioni hii mwombeni mama aifungue ile yenu. Someni jina la mwenye kiwanja, aina ya mkataba, tarehe ulipoanza na tarehe unapokwisha, mkamweleze kwa Kiswahili. Kama tarehe imekwisha pita, mwambieni hivyo wazi, hata kama habari hiyo itamwondolea usingizi usiku mmoja.