Ungo Hauhitaji GPS

Ukiwa Dar ukasema unatoka Sumbawanga, utani unaanza hapo hapo. "Umekuja na basi au na ungo?" Tumeshazoea. Siku hizi najibu kwamba ungo una faida moja kubwa, hauhitaji GPS. Gari ndilo linalohitaji, na leo nataka tuongee hilo, maana wadau kadhaa wameniuliza wanunue kifaa gani cha kuwaongoza njia wakiendesha kwenda Zambia.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mvua ikiwa haijakata huku Ufipa, tulipata taarifa kwamba mjomba amefariki Mbala. Kwa wasiopajua huku, Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka. Mpaka wenyewe uliamuliwa Berlin, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi zetu, wakaufuata Mto Kalambo. Wazee wetu hawakuulizwa. Ndiyo maana mtu wa huku akisema anakwenda nje ya nchi, mara nyingi anakwenda msibani au harusini kwa ndugu zake.

Safari si ndefu. Unatoka Sumbawanga, unapita Matai, unavuka Kasesya, unaingia Mbala. Nilikuwa na kifaa nilichouziwa na mtu, mkono wa pili, kioo kikubwa, sauti ya mama wa Kizungu. Mama yangu amekaa nyuma na kitenge chake cha msiba. Tulipoiacha Matai kifaa kikasema pinda, njia ni fupi zaidi. Nikapinda. Njia ikawa nyembamba, kisha ikawa ya ng'ombe, mwisho ikaishia kwenye kijito kilichofurika. Daraja hakuna.

Mzee mmoja mwenye jembe begani akasimama kututazama. Nikamwamkia. Akaniambia, "Marahaba mwanangu. Daraja lilishachukuliwa na maji siku nyingi. Nani kakwambia upite huku?" Niliona aibu kumwonyesha aliyeniambia.

Kulitoa gari kwenye tope lile kulitula saa tatu nzima. Tulifika mpakani pameshafungwa, tukalala ndani ya gari. Kesho yake tulipofika Mbala, mjomba alikuwa ameshazikwa. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Tulipishana na watu wengi njiani, hatukumuuliza hata mmoja."

Kwa muda mrefu niliilaumu GPS. Baadaye nikagundua namwonea asiyehusika. Kazi ya setilaiti ni kukusaidia kujua uko wapi, basi. Kifaa chako kinapokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne, kinapiga hesabu, kinapata mahali ulipo. Wamarekani waliacha kuupunguzia usahihi mfumo wao kwa sisi raia mwezi Mei 2000, na leo kuna wa Warusi, wa Ulaya na wa Wachina pia. Pale kijitoni kifaa changu kilijua vizuri kabisa kwamba niko kijitoni. Kilichodanganya ni ramani. Mtu aliyekaa mbali alichora mstari, akauita barabara.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usinunue kioo, nunua ramani. Muuze muuzaji maswali mawili. Ramani hii ina nchi zipi, na ni ya mwaka gani? Vifaa vingi vya mitumba kutoka Ulaya vina ramani ya Ulaya tu. Hata vyenye Afrika, angalia umri. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipata lami kwa fedha za mkataba wa Wamarekani wa MCC, ulioanza 2008 ukaisha 2013. Katavi ilikatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na Tunduma ikahamia mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016. Kifaa kikikuonyesha Mpanda ikiwa Rukwa, kirudishe kabatini kwa mwenyewe. Na kabla hujatoa hela, andika Matai, kisha Kasesya, kisha Mbala. Kisipopajua, kitakuongozaje?

Pili, huenda hata huhitaji kifaa cha pekee. Wengi wanadhani GPS ya simu inakula bando. Haili. Kinachokula bando ni kushusha ramani ukiwa njiani. Shusha ramani nzima ya Tanzania na ya Zambia ukiwa nyumbani, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps ambazo ni bure, na simu itakuongoza hata pasipo na mtandao. Ukitaka kifaa cha dashibodi, kuna ramani za Tracks4Africa za Afrika Kusini, zilizotokana na kumbukumbu za madereva waliopita njia zenyewe, na zinaingia kwenye vifaa vya Garmin. Mimi kwa safari ya Mbala sioni sababu ya gharama hiyo. Kwa anayekwenda hadi Namibia, sawa.

Tatu, ingia kwenye mipangilio. Ondoa "njia fupi", weka "njia ya haraka", kisha ukiambie kikwepe barabara zisizo na lami kadiri inavyowezekana. Ningefanya hivyo tu, pengine ningemzika mjomba wangu. Na beba chaja ya gari, maana simu inayoonyesha ramani kutwa nzima haifiki jioni.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo. Mwaka 1890 wageni walituchorea ramani, hatukuwa na la kufanya. Leo tunalo. OpenStreetMap, ambayo OsmAnd na Organic Maps zinaitumia, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na yeyote anaweza kuisahihisha. Sisi tuliosoma, wenye simu nzuri, tunajua daraja gani limeondoka na njia gani hupitiki masika. Tunaishia kulalamika kijiweni. Mimi niliporudi nilikifuta kile kipande cha njia baada ya kijito. Ilinichukua dakika kumi. Fikiria kama kuna mtu angefanya hivyo mwaka mmoja kabla yangu.

Na hata ramani ikiwa nzuri namna gani, masika yakianza shusha kioo cha gari, msalimie mtu, muulize njia. Ramani ya simu inaweza kukosa mvua ya jana. Mzee mwenye jembe hawezi kuikosa.

Nawasilisha.