Kuacha Tumbaku Si Kazi ya Mtu Mmoja

Mzee wa boma afikapo zahanati, Karatu au Ngorongoro, mara nyingi huulizwa: "Unavuta sigara?" Hujibu hapana, naye husema kweli, ilhali kichupa cha ugoro kimo ndani ya shuka lake. Swali hilo halitoshi. Ugoro huchanganywa na magadi, nayo magadi huifanya nikotini iingie upesi katika damu. Aliyeacha sigara akashika ugoro hajaacha uraibu. Amebadili njia tu.

Tena ugoro ni heshima: wazee hupeana wakutanapo. Anayekataa peke yake huonekana kujitenga na rika lake. Kwa hiyo sikubali kwamba anayeshindwa amekosa nia. Hamu ya nikotini huwa kali zaidi wiki ya kwanza, kisha hupungua baada ya wiki chache. Siku hizo ndizo anazohitaji watu.

Wahudumu wenzangu, tuulize kuhusu tumbaku ya kila namna, na kwa ridhaa ya mgonjwa tumwite mke au mwanarika wake. Nawe mgonjwa, ukiteleza, rudi. Mlango haujafungwa.