Kuchonyota si Dawa: Tunachopaka Baada ya Kunyoa



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni, safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni kile tunachopaka mwilini baada ya kunyoa. Ukiingia kwa kinyozi, iwe Buyenzi mjini Bujumbura, iwe Nyamirambo mjini Kigali au Kisenyi mjini Kampala, mara nyingi utakuta mambo ni yale yale. Mteja akishamaliza kunyolewa, kinyozi humimina kiganjani maji yenye harufu kali, humpigapiga nayo mashavuni na kisogoni, mteja anakunja uso, na hapo kazi imekwisha. Wapo hata wanaolalamika wasipochonyotwa, wakidhani kwamba dawa imechuja.

Sisi tunaona kwamba imani hii, kuwa kinachochonyota ndicho kinachotibu, inawaumiza vijana wetu bure. Tena inawaumiza usoni, mahali ambapo kila mtu anapaona.

Tuanze na kuchonyota kwenyewe. Wembe au mashine haikati nywele peke yake. Huondoa pia tabaka jembamba la juu ya ngozi, na huacha mikato midogo ambayo jicho haliioni. Alkoholi ikifika hapo hugusa mishipa ya fahamu iliyo wazi, ndipo tunaposikia moto. Ni kweli kwamba alkoholi huua vijidudu, hilo hatulikatai. Lakini papo hapo huosha mafuta ya asili yanayoilinda ngozi, na ngozi inabaki kavu. Ngozi kavu huwasha, mtu hujikuna, na kidonda kidogo kinakuwa kikubwa. Anayenyoa kila siku na kujipaka alkoholi kila siku haipi ngozi yake nafasi ya kupona.

Sasa tuongeze hali yetu wenyewe. Wengi wetu tuna nywele za kipilipili. Unywele wa namna hii ukikatwa karibu sana na ngozi huwa na ncha kali, na unapoota tena hujikunja ukarudi kuichoma ngozi ile ile uliyotokea. Mwili huuona kama mwiba, basi hufanya uvimbe. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu tunavyoviona shingoni na chini ya kidevu. Mara nyingi si uchafu, wala si dalili ya ugonjwa wa kuambukiza, na kumwaga alkoholi juu yake hakuutoi ule unywele uliojichoma. Kunaongeza muwasho juu ya muwasho tu. Kwa baadhi ya watu vipele vya kisogoni vikiachwa vikasumbuliwa kila wiki hugeuka makovu magumu yanayovimba, na makovu hayo ni kazi kubwa kuyaondoa.

Tatizo haliishii hapo. Vipele vikipona huacha madoa meusi. Kijana anaona aibu, anakwenda sokoni, anauziwa krimu ya "kusafisha uso". Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, nyingine zina haidrokwinoni, nyingine zina steroidi kali kama klobetasoli ambayo daktari huitoa kwa muda maalumu na kwa ugonjwa maalumu. Steroidi hiyo ikipakwa usoni kiholela huifanya ngozi iwe nyembamba na huleta chunusi zaidi. Zebaki hupenya mwilini na kudhuru figo. Si jambo la mchezo: mwaka 2018 na 2019 serikali ya Rwanda iliendesha msako madukani kuondoa vipodozi vya kuchubua vyenye sumu hizo. Ndiyo maana tunasema jambo hili si dogo. Kijana alianza na chupa ya kupaka baada ya kunyoa, akaishia kwenye zebaki.

Kuna na hili la spiriti. Baadhi ya vinyozi, kwa ajili ya kupunguza gharama, hutumia ile spiriti ya rangi ya kuwashia majiko. Spiriti ile huchanganywa methanoli makusudi ili isinyweke, na methanoli ni sumu inayoweza kupenya kwenye ngozi, sembuse ngozi iliyokatwakatwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu. Ukiiona kwa kinyozi wako, mwambie kwa upole asikupake, nawe nenda na chako cha kupaka.

Basi tununue nini? Shauri letu ni kwamba tujifunze kusoma maandishi madogo nyuma ya chupa kabla ya kunusa kifuniko. Majina ya viambato kwenye vipodozi huandikwa kwa utaratibu unaofanana karibu dunia nzima, kwa hiyo hata kama chupa imetoka Ufaransa, Dubai au India, maneno ni yale yale. Kwa kawaida kilicho kingi hutangulia. Angalieni haya:

1. Ukikuta "Alcohol Denat." ni la kwanza au la pili, jueni sehemu kubwa ya chupa hiyo ni alkoholi. Mwenye ngozi kavu au mwenye vipele aiache.

2. Maneno "Glycerin", "Panthenol", "Allantoin", "Bisabolol" na "Aloe Barbadensis" (yaani alovera) ni dalili njema. Hivi huvuta unyevu au hutuliza ngozi. Vikiwa karibu na mwanzo wa orodha ni bora zaidi kuliko vikiwa mkiani, ambako huenda vimetiwa kidogo tu ili jina liandikwe mbele ya chupa.

3. "Menthol" huleta ubaridi, na wengi huupenda, lakini kwenye ngozi iliyokatika huweza kuwasha. Ubaridi si uponaji.

4. Neno "Parfum" au "Fragrance" laweza kuficha ndani yake makumi ya vitu. Manukato ni miongoni mwa sababu kubwa za mzio wa ngozi utokanao na vipodozi. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 unawalazimisha watengenezaji kuvitaja kwa majina vitu 26 vya manukato vinavyojulikana kwa kuleta mzio, na sheria ya mwaka 2023 ikaongeza orodha hiyo ikapita majina 80.

Na tusidanganyike na neno "asilia". Vitu viwili vinavyoitwa atranoli na klorotranoli, vinavyopatikana katika marashi yatokanayo na ukoga wa miti ya mwaloni wa Ulaya, ni vya asili kabisa, na marashi hayo yalitumika sana katika manukato ya wanaume. Ulaya ilivipiga marufuku mwaka 2017 kwa sababu ya mzio, na bidhaa zenye vitu hivyo zikatakiwa ziwe zimetoka madukani ifikapo Agosti 2021. Hata ndimu yetu ya nyumbani, ambayo wengi huipaka baada ya kunyoa, ni ya asili, lakini maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha madoa ya miezi mingi.

Hapa tunafika kwenye swali ambalo wasomaji wa Kiislamu lazima waliulize: je, alkoholi hii yafaa kwetu? Wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo wanaoona kwamba alkoholi ya viwandani iliyotiwa manukato si pombe ya kunywa, na kujipaka hakuna ubaya. Wapo wanaoona kuiacha ndiko salama zaidi. Sisi hatutoi fatwa, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini tunalo la kusema juu ya namna tunavyolichukulia suala hili madukani, kwani kuna makosa mawili yanayojirudia.

Kosa la kwanza ni kukimbia kila kitu chenye neno "alcohol". Maneno kama "Cetyl Alcohol", "Stearyl Alcohol" na "Cetearyl Alcohol" ni majina ya kikemia ya vitu vyenye asili ya mafuta, vigumu mfano wa nta, ambavyo havileweshi na hulainisha ngozi. Vimo kwenye krimu nyingi za upole. Kijana anayerudisha krimu hiyo rafuni kwa sababu ya jina, kisha akanunua chupa isiyo na maandishi yoyote, amekimbia kivuli. Kama ana wasiwasi wa asili yake, aulize swali lililo sahihi: mafuta haya, au gliserini hii, imetoka kwenye mimea au kwa mnyama? Hilo ni swali la maana, na baadhi ya watengenezaji huandika jibu kwenye chupa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kikiandikwa "bila alkoholi" basi ni salama. Uturi wa mafuta unaouzwa nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa hauna alkoholi, ni kweli, lakini ni manukato mazito mno. Kuupaka juu ya shavu lililonyolewa dakika tano zilizopita ni kuyaingiza manukato hayo kwenye vidonda. Kujitia manukato ni sunna njema, ila yapo mavazi, zipo ndevu zenyewe, na upo mwili mwingine usio na jeraha. Kanuni ya kuondoa madhara, ambayo mafakihi wote wanaijua, haiishii kwenye alkoholi.

Tunajua wapo watakaosema: haya ni mambo ya wenye pesa. Hapana. Anayefuata tunayoyasema anaweza hata kutumia pesa kidogo kuliko sasa. Nyoa baada ya kuoga, nywele zikiwa zimelainika. Fuata uelekeo wa nywele, usivute ngozi, usipitishe wembe mara nyingi mahali pamoja, na mwenye vipele aache nywele ziwe fupi kwa mashine badala ya kuzifyeka kwa wembe. Kisha jisafishe kwa maji baridi. Ukijikata, shabu, ile ile waliyoitumia wazee wetu, husimamisha damu vizuri: ilowe maji, pitisha kidogo, kisha osha. Lakini kila mtu na kipande chake, kwa maana shabu hugusa damu. Mwisho paka gliserini iliyochanganywa na maji, au vaselini isiyo na manukato, kiasi kidogo tu.

Na kitu chochote kipya, kabla ya kukipaka usoni, kijaribuni kwanza sehemu ndogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku 7 mpaka 10. Ngozi ikiwasha au ikivimba, kioshe na usikitumie tena.

Kwa wanafunzi wa mabweni tunaongeza neno moja: msiazimane wembe, hata kwa rafiki wa chanda na pete. Virusi vya homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI hupita kwenye damu, na kujipaka chochote baada ya kunyoa hakuviondoi.

Wala hili si la wanaume peke yao. Dada zetu na mama zetu hunyoa makwapa kwa mujibu wa fitra, na wengi hupaka dawa ya kuzuia harufu papo hapo, wakastahimili moto wakidhani ndivyo inavyotakiwa. Heri kunyoa usiku na kupaka dawa hiyo asubuhi. Na kwa wazazi wa watoto wachanga: siku ya saba mtoto anaponyolewa, tafadhalini, kichwa chake kisipakwe kolonya wala spiriti. Ngozi ya mtoto mchanga ni laini na hupitisha vitu upesi. Maji safi ya vuguvugu na kitambaa laini vinamtosha.

Ombi letu la mwisho ni kwa akina baba. Watoto wetu wa kiume huanza kunyoa bila ya kufundishwa na mtu. Hujifunza kwa kinyozi na kwa wenzao, na wakitokewa na vipele huona haya kuuliza. Baba amkalishe mwanawe siku ile ndevu zinapoanza, amwoneshe namna ya kushika wembe, amwoneshe na namna ya kusoma chupa. Na kijana ambaye tayari ana vipele vyenye usaha au kovu linalokua, apelekwe kituo cha afya mapema, asiachiwe wauza krimu.

Mwili huu ni amana tuliyopewa, na uso ni sehemu yake tunayoisujudia nayo mara nyingi kwa siku. Tuuchagulie cha kupaka kama tunavyochagua chakula, kwa kuuliza kilichomo ndani. Mwenye swali au nyongeza atuletee, tutaichapisha in shaa Allaah.

Wabillaahi tawfiyq.