Mto wetu hauishi pale Banana

Kijana mmoja ametuuliza swali zuri: mto Congo ukifika kwenye bahari, ule mchanga na ile potopoto yote inaenda wapi? Wengi watajibu: inabaki pale mdomoni. Kwa mito mingi jibu hilo ni kweli. Kwa mto wetu, hapana.

Tuangalie kwanza bahari yenyewe. Ukitoka inchi kavu unakuta uwanja chini ya maji, wenye kushuka polepole sana, na maji yake kwa kawaida hayapiti mita 200. Wataalamu wanauita rafu ya bara, maana ni inchi yetu ingali inaendelea chini ya maji. Kisha uwanja unafika kwenye ukingo, na kutoka pale mteremko unashuka mita elfu kwa elfu, mpaka kwenye sakafu ya bahari yenye giza. Papa anayefanya kazi kwenye kariere atafahamu upesi: rafu njo udongo wa juu, mteremko njo ukuta wa shimo, na sakafu njo pale chini mashine zinapofanya kazi.

Sasa, mito mingi inatupa mchanga wake karibu na inchi kavu na kujenga visiwa vingi, kama vile Nile na Niger. Mto Congo hauna visiwa vya namna ile inje ya mdomo wake. Sababu ni nini? Rafu yake imepasuliwa na bonde. Bonde lile linaanza ndani ya mto wenyewe, kilometa 30 hivi mbele ya kufika baharini. Linakata rafu, linashuka mteremko, na mahali pengine kuta zake zinapita mita 1,000 kwa urefu. Kisha linaendelea kama mfereji mpaka karibu mita 5,000 chini ya maji, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka mdomo wa mto. Kwa hiyo mchanga haupati nafasi ya kutulia. Unaangukia ndani ya bonde.

Mwaka 1886, mtaalamu wa bahari J. Y. Buchanan alikuwa katika meli Buccaneer, wakipima bahari juu ya kazi ya kable za telegrafu. Walikuta pale kamba ya kupimia inashuka mbali sana kuliko walivyongojea. Hivi bonde likajulikana.

Vijana, mufanye jaribio hili nyumbani. Jazeni basani maji safi, inamisheni kidogo upande mmoja, kisha mumwage kikombe cha potopoto polepole upande wa juu. Mutaona potopoto haichanganyike mara moja. Inashuka na kukimbia chini kabisa, kama nyoka, juu ya uzito wake. Ni vile vile ndani ya bonde. Mchanga unalundikana siku nyingi, halafu unaporomoka. Na ukiporomoka unachimbua sakafu, unabeba potopoto ingine, unakuwa mzito zaidi, unaongeza mbio.

Hili si hadithi. Mwisho wa mwaka 2019 mto ulijaa sana; mafuriko ya namna ile yanakuja mara moja hivi katika miaka 50. Wataalamu walikuwa wametia vyombo vya kupimia ndani ya bonde mwaka ule ule. Tangu tarehe 14 mpaka 16 Januari 2020, potopoto ilishuka zaidi ya kilometa 1,100. Ilikata vyombo vile kimoja kwa kimoja, navyo vikapanda juu ya maji na kutuma habari kwa satelite. Hivyo mbio zake zikahesabika: mwanzo karibu kilometa 19 kwa saa, mwisho karibu 29. Uwaze sanduku la kilometa moja kila upande: potopoto ile ilichimbua zaidi ya masanduku mawili ya namna ile.

Tena ilikata kable mbili za simu na intaneti, WACS na SAT-3. WACS njo ile inayotua kwetu Muanda. Mwezi Machi 2020 kable ikakatika tena pale, na Agosti 2023 zote mbili zikakatika tena. Intaneti ikawa nzito katika inchi nyingi za Afrika, na watu walingoja majuma mpaka meli Léon Thévenin ilipokuja kuunganisha. Kwa hiyo ukimpigia mtoto wako aliye mbali na sauti haifike, mwizi wa kable si sababu pekee.

Mafundisho ni mawili. La kwanza: mto ukijaa kupita kiasi, wenye kable sherti wajiandae. Potopoto inaweza kushuka majuma au miezi nyuma ya mafuriko, na zaidi wakati bahari inapojaa na kupwa kwa nguvu. Haifai inchi nzima itegemee njia moja inayopita mbele ya bonde lile.

La pili linatuhusu sisi wa Katanga. Lufira inaingia Lualaba, na Lualaba njo mto Congo. Kule chini karibu mita 5,000 wataalamu wamekuta mabaki ya majani na miti ya inchi yetu, na konokono za maganda mawili zinazopata uzima kutokana na kuoza kwake. Viumbe ambavyo jua halijawahi kuvifikia vinaishi kwa kile mto unachowapelekea. Basi, anayemwaga asidi au mafuta machafu kwenye kijito asiseme: maji yataipeleka mbali, imekwisha. Mbali pale pana jina, na pana wenyeji.