Mtandao Sugu: Istilahi za Hisabati na Barabara ya Mloka

Yadaiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba hisabati ya juu. Makala haya yanashikilia kuwa kasoro haimo katika lugha, bali katika desturi ya kutafsiri jina la kigeni kabla ya kuielewa dhana.

Mfano mzuri ni grafu ziitwazo ekspanda. Grafu hapa ni nukta zilizounganishwa kwa viungo. Mloka, kijiji kilicho kando ya mto Rufiji, hufikiwa kwa barabara itokayo Kibiti kupitia Mkongo. Vijiji vilivyopangwa juu ya njia moja hutengwa kiungo kimoja tu kikikatika. Ekspanda ni kinyume chake: kila nukta ina viungo vichache, labda vitatu, lakini mtandao haugawanyiki ila kwa kukata viungo vingi, kwa kadiri ya ukubwa wa kipande kinachotengwa, nao uimara huo haupungui mtandao ukuapo.

Mwaka 1973 Pinsker alithibitisha kuwa mitandao hiyo ipo, na Margulis akaonyesha namna ya kuijenga. Malighafi yake ni kundi la kihisabati lisilo na kikomo, ambalo kila memba wake, isipokuwa yule asiyebadili kitu, hutambulika katika angalau taswira moja yenye kikomo. Taswira hizo zikichorwa kuwa mitandao inayozidi kukua, nalo kundi likiwa na sifa aliyoibainisha Kazhdan mwaka 1967, ekspanda hupatikana. Jiometri ya mbali, inayotazama umbo bila kujali vijambo vidogo, huonyesha kuwa ekspanda haziingii katika anga la Hilbert pasipo umbali kupotoshwa.

Je, ziitwe “vipanuzi”? Mwanafunzi atadhani kuna kitu kinachovimba. “Mtandao sugu” hutaja tabia yenyewe: kutokatika kwa urahisi. Atakayepinga kuwa maana ya kupanuka imepotea akumbuke kwamba kila fungu la nukta kuwa na majirani wengi, na fungu hilo kuwa gumu kutengwa, ni pande mbili za jambo moja.

Mtoto wa Mloka aliyejifunza Hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na Kiingereza aingiapo sekondari. Ufahamu wake umeegemea kiungo kimoja, nacho hukatwa hapo. Waunda istilahi hawana budi kuongeza viungo.