Tusisubiri msiba ndipo tuwekewe matuta



Nina kero ambayo najua si ya mtaa wetu peke yake. Sisi tunaoishi Sinza, Dar es Salaam, tumechoshwa na madereva wanaokimbiza magari na pikipiki katikati ya nyumba za watu. Kila jioni foleni ya Shekilango ikizidi, wenye haraka wanachepuka na kuingia mitaa ya ndani, na muda walioupoteza kwenye foleni wanataka kuufidia mbele ya milango yetu.

Niseme mapema kwamba sipingi lami. Sinza ilipimwa viwanja miaka ya 1970 kwa mradi uliogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ndiyo maana mitaa yake mingi imenyooka. Pamoja na kunyooka huko, kwa miaka mingi wakazi walikula vumbi kiangazi na kukanyaga tope masika. Mitaa ilipoanza kuwekwa lami tulishukuru, na hadi leo nashukuru. Lakini mashimo yaleyale yaliyotutesa ndiyo yaliyokuwa yakiwazuia madereva. Yalipofukiwa, hakikuwekwa kitu kingine cha kuwazuia. Barabara iliyonyooka, laini, isiyo na tuta wala kibao, inamwambia dereva akanyage mafuta, naye anaitii kuliko anavyoitii sheria.

Mwenye mashaka aje asimame kwenye kona ya genge letu saa kumi na mbili kasoro alfajiri. Bado kuna giza. Watoto wamesimama na sweta na mabegi wakisubiri basi la shule, upande mmoja wana mtaro wa maji ya mvua, upande wa pili magari yaliyoegeshwa, njia ya miguu hakuna. Mabasi ya shule yenyewe ni miongoni mwa yanayokimbia, kwa sababu kila dereva ana orodha ndefu ya watoto na geti la shule linafungwa kwa saa. Akifika kwenye kona hapunguzi mwendo, anapiga honi. Honi imekuwa ndiyo breki ya mtaa huu.

Mama anayeuza maandazi hapo alihamisha meza na jiko lake nyuma ya nguzo ya umeme. Nguzo yenyewe ina michubuko ya rangi nyeupe, nyekundu na bluu, na kila rangi imeachwa na gari lake. Nilimuuliza kwa nini asirudi pale mbele anapoonekana. Alinijibu, "Kaka, huku wateja wananikosa, ila na gari linanikosa."

Si zamani, mtoto wa jirani yetu, mwanafunzi wa darasa la pili, alitumwa dukani kununua chumvi. Alipokuwa akitokea nyuma ya gari lililoegeshwa, pikipiki ikamgonga, akavunjika mkono na kuchubuka uso. Aliyemgonga ni kijana wa kijiwe cha hapohapo. Tunamfahamu, na mama yake tunamfahamu. Wazee wakakaa, familia mbili zikaelewana, kijana akatoa fedha za matibabu, mambo yakaisha. Polisi hakuna aliyekwenda, wala fomu ya polisi ya PF3 haikuchukuliwa. Ndivyo tunavyoishi, na siwalaumu wazazi wale. Walitaka mtoto atibiwe, na hawakuona faida ya kumweka mtoto wa mwenzao rumande.

Lakini ndipo linapoanzia tatizo lililonifanya niandike. Wakazi tulipopeleka ombi la matuta, ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, na ya pili ikatuuliza kama tuna takwimu za ajali. Tukaeleza habari ya yule mtoto na wengine waliogongwa kabla yake. Ofisa mmoja, naamini bila nia mbaya, akauliza, "Kwani ameshakufa mtu?" Tukaambiwa tuandike barua nyingine. Tuliiandika, na hadi sasa hatujajibiwa.

Ajali za mitaani haziandikwi popote kwa sababu tunamalizana wenyewe. Zisipoandikwa, mtaa unaonekana salama kwenye makaratasi, na mtaa unaoonekana salama hauwekewi tuta. Kinachobaki kuandikwa ni kifo tu, maana kifo hakina namna ya kumalizana kimyakimya. Kwa utaratibu huo kila mtaa unalipia tuta lake kwa maiti. Huo si utaratibu wa kuridhisha hata kidogo, na naomba wenye mamlaka wauache.

Kipimo kingine kipo, nacho hakihitaji mtu aumie kwanza: ni mwendo wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Anayekwenda kwa mwendo huo anakata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja tangu aone hatari mpaka mguu ukanyage breki, kwa hiyo mita hizo 14 zimeshapita kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Mtoto wa chumvi alitokea hatua chache tu mbele ya pikipiki. Kwa kilomita 30 kwa saa, mita 14 zinakuwa 8, na nguvu ya mgongano inabaki kidogo juu ya theluthi moja. Kwa hiyo hata hiyo 50 ya kisheria ni kubwa mno kwa mtaa ambao gari, pikipiki, mkokoteni wa maji na mtoto vyote vinapita mahali pamoja. Tamko la Stockholm la Februari 2020, lililotolewa kwenye mkutano wa dunia wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, lilihimiza ukomo wa kilomita 30 katika sehemu za namna hiyo hasa.

Wala hatuhitaji kwenda Sweden kutafuta mfano. Hapahapa Dar es Salaam shirika la Amend limetengeneza mazingira ya shule za msingi kwa vitu vya kawaida kabisa: matuta, njia za miguu, vivuko vilivyochorwa vizuri, vibao, nguzo fupi za kuzuia magari yasipande pembeni. Watafiti walipolinganisha shule zilizotengenezewa na ambazo hazijatengenezewa, waliona majeruhi wamepungua kwa kama robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kama tuta na rangi vinaweza kumlinda mtoto kwenye geti la shule, vitamlinda pia kwenye geti la nyumbani kwao.

Najua wapo watakaosema dawa ni trafiki. Trafiki tunawahitaji, lakini tochi zao zipo barabara kuu, na hakuna idadi ya askari itakayotosha kila mtaa wa jiji hili. Faini ya Sh30,000, ambayo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi Sh10,000 mwaka 2021, haimgusi dereva asiyekutana na askari. Tuta halihitaji kulipwa posho, na saa nane za usiku, vijana wanaposhindana kwa magari wakitoka kwenye starehe, lipo palepale.

Hata hivyo tuta si rundo la kokoto na saruji. Kuna mitaa ambayo wakazi, baada ya kuchoka kuomba, walijijengea usiku matuta membamba na marefu kwenda juu, bila rangi wala kibao. Hasira yao naielewa kabisa. Lakini tuta la namna hiyo linakwangua gari la chini, linamrusha mwendesha pikipiki gizani, na linamtesa bure mjamzito asiye na kosa anayepelekwa hospitali kwa bajaji. Tuta la kitaalamu ambalo Waingereza walilifanyia majaribio miaka ya 1970, na ambalo sasa linatumika nchi nyingi, lina upana wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. Ukilipanda taratibu huumii, ukilipanda kwa kasi utajua. Matuta yanapaswa kufuatana, maana tuta likiwa peke yake dereva analivuka kisha anaongeza mwendo mpaka mwisho wa mtaa. Rasta peke yake hazitoshi, zinalitikisa gari na kuwaamsha waliolala, na mwendo unabaki uleule.

Vijana wa bodaboda nao wasikilizwe. Wengi wana hesabu ya bosi ya kila siku au mkataba wa kumaliza ili pikipiki iwe yao, na haraka yao inaanzia hapo. Hilo haliwapi ruhusa ya kugonga mtoto wa mtu. Lakini viongozi wa vijiwe wanawafahamu mmoja mmoja, na serikali ya mtaa ikikaa nao wanaweza kumsimamisha anayezidi. Kwa wapitaji wenye magari binafsi mazungumzo hayo hayawezekani. Hawaishi hapa, hawamjui mtu, na ndio wanaotutisha zaidi.

Barabara za mitaa ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu ilipoanzishwa mwaka 2017. Ombi langu kwa wakala huo na kwa halmashauri zetu ni kwamba fedha za lami zinapopangwa, matuta, vivuko na njia ya miguu viwemo kwenye mchoro tangu mwanzo, visigeuzwe kuwa ombi la wananchi baadaye. Na mtaa ulioomba matuta upimwe mwendo wa magari yake, usiulizwe idadi ya marehemu wake.

Kwa upande wetu, wakazi tumekubaliana kuchangia kokoto, saruji na nguvu kazi, na wenye magari tumekubali kutoyaegesha tena kwenye kona. Tunaomba tu aje mhandisi mwenye kipima mwendo, ashinde nasi jioni moja, apime, achore na asaini.

Mkazi wa Sinza,
Dar es Salaam